Mwenye nyumba anabomoa nyumba ya Kiswahili ajenge gorofa: wapangaji wa chumba kimoja tuna haki gani, na tuhamie wapi hapa Mombasa?

MpangajiMshomoroni ameuliza:

Assalaam aleikum, na hamjambo ndugu wengine wote. Naomba msaada wa mawazo, hasa kutoka kwa wanaofahamu sheria za upangaji na mambo ya ardhi hapa Mombasa.

Mimi napanga chumba kimoja Mshomoroni, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ujia katikati, uani wa pamoja na choo kimoja. Kodi yangu ni shilingi 3,500 kwa mwezi, maji mbali. Juzi mwenye nyumba alituita barazani akatueleza kwamba amepata mtu wa kushirikiana naye kujenga gorofa ya vyumba vya kujitegemea, na kwamba angependa sote tuwe tumehama kabla ya Ramadhani. Hakutupa barua yoyote. Alisema kwa upole, na sina ugomvi naye, maana nyumba ni yake na paa la makuti limekwisha kuchoka.

Taabu yangu ni mahali pa kwenda. Nimetafuta Kisauni, Mtopanga, Bombolulu na hata ng'ambo ya feri, Likoni, nikaona kwamba vyumba vya aina yangu vinapungua kila nyumba ya zamani inapoanguka, na mahali pake panajengwa bedsita, yaani hivyo vyumba vya kujitegemea, za shilingi 6,500 hadi 8,000. Juu ya kodi ya mwezi wa kwanza kuna dipoziti ya mwezi mmoja, kuna ya maji na stima, kisha wakala anataka chake hata kabla hajakufungulia mlango ukaone. Mimi ni kibarua katika ghala Shimanzi, ninalipwa kwa siku, na siku isiyo na mzigo haina malipo. Jirani yangu wa chumba cha pili ameamua kumpeleka mke na watoto kwao Mariakani, yeye mwenyewe atalala kazini. Mwingine ni mchukuzi wa soko la Kongowea, na tayari huwa analala juu ya meza za mboga siku nyingi za wiki ili kuokoa nauli.

Maswali yangu ni haya. Je, sheria inampa mpangaji wa namna yetu muda wowote wa kujipanga? Je, nyumba za bei nafuu za serikali zinaweza kumfikia mtu anayelipwa kwa siku? Na inakuwaje mji unaojenga gorofa kila pembe ukakosa vyumba vya watu wanaoubebea mizigo?

MsaidiziWaSheria amejibu:

Waaleikum salaam. Nitaanza na swali la kwanza kwa kuwa lina majibu yaliyo wazi zaidi, ingawa si yote yatakayokufurahisha.

Upangaji wako, hata kama hakuna karatasi iliyoandikwa, unatambuliwa kisheria kuwa upangaji wa mwezi kwa mwezi, kwa sababu ndivyo unavyolipa kodi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 2012, upangaji wa namna hiyo huvunjwa kwa notisi isiyopungua kipindi chenyewe cha upangaji, yaani mwezi mmoja kwenu. Kwa hiyo mwombeni mwenye nyumba, kwa heshima ileile aliyowapa, awaandikie notisi yenye tarehe. Barua hiyo itawasaidia ninyi na itamsaidia yeye pia. Kuwaondolea mabati au kukata maji ili mhame hakukubaliki, na likitokea jambo hilo mwende mahakamani bila kungoja.

Watu wengi huchanganya hapa, kwa hiyo naomba niwe mwangalifu. Ile notisi ya miezi 3 inayotajwa sana iliingizwa katika sheria mwaka 2016 kwa ajili ya watu wanaokalia ardhi bila idhini ya mwenyewe, kama ilivyo katika makazi mengi ya kando ya hori la Tudor na kwingineko. Mpangaji anayelipa kodi kwa mkataba, hata wa mdomo, yuko katika fungu lingine, na ajabu yake ni kwamba notisi yake inaweza kuwa fupi kuliko ya yule asiyelipa chochote.

Ipo pia Sheria ya Kudhibiti Kodi, ya tangu 1959, ambayo haimruhusu mwenye nyumba kumwondoa mpangaji au kupandisha kodi bila kibali cha baraza maalumu la kodi. Kasoro yake ni kwamba inazihusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kimebaki palepale huku kodi zikipanda, na wewe kwa shilingi 3,500 umeshatoka nje ya kivuli chake. Ukiniuliza mimi, hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika sheria za upangaji nchini, kwa kuwa sheria hiyo ilikusudiwa kuwalinda watu maskini na sasa haimfikii hata anayelala chumba cha udongo.

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na yafaayo, na Mahakama ya Juu, katika kesi ya Mitu-Bell iliyoamuliwa Januari 2021, ilithibitisha kwamba haki hiyo inaweza kudaiwa mahakamani. Hata hivyo kesi ile ilihusu watu waliobomolewa makazi yao kwenye ardhi ya umma huko Nairobi. Sitaki ukaitegemee dhidi ya mwenye nyumba binafsi ambaye amekuja kwenu kwa adabu.

MzeeWaMajengo amejibu:

Mwanangu, swali lako la tatu ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu vijana wengi hudhani uhaba huu umekuja na gorofa, ilhali mizizi yake iko ardhini.

Mombasa ni mji ambao nyumba na ardhi chini yake mara nyingi zina wenyewe wawili tofauti. Mtu hukodi kiwanja, akajenga nyumba yake kwa mikono na pesa zake, kisha akamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja mwezi baada ya mwezi. Tunaita nyumba bila ardhi, na mtaa wote wa Majengo tulioujua utotoni ulikuwa hivyo. Chanzo chake ni ukanda wa pwani wa maili kumi, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar na ambao Waingereza waliuchukua chini ya ulinzi wao mwaka 1895. Mwaka 1908 ikatungwa sheria ya kutaka kila mwenye kudai ardhi aje aandikishe dai lake. Waliokuwa na karatasi, mashahidi na wakili walitoka na hati. Waliokuwa wakilima kwa mila, wengi wao Wamijikenda, hawakuandikishwa, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji la Uingereza. Tangu hapo pwani ikawa na wenye hati wasioishi juu ya ardhi yao, na wakazi wasio na hati.

Juu ya viwanja hivyo vya kukodi ndipo ilipojengwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akawapangisha vibarua wa bandari ya Kilindini, wachukuzi na mafundi. Hakuna serikali wala benki iliyotoa hata senti, na mfumo huo ndio uliowalaza wafanyakazi wa mji huu kwa miaka mingi kuliko mradi wowote uliopata kutangazwa kwa mkasi na utepe. Mji ulikua kwa sababu mjane mwenye nyumba moja aliweza kuwa mwenye nyumba wa watu watano.

Jambo la pili ambalo watu wamelisahau ni mishahara. Mwaka 1939 wafanyakazi wa mji huu waligoma, wakianza wa idara za serikali na kufuatiwa na wa bandari, na kero kubwa mojawapo ilikuwa kodi ya nyumba. Iliundwa tume, Tume ya Willan, kuchunguza hali zao, na waajiri wakubwa wakalazimika ama kutoa posho ya nyumba ama kuwajengea watu wao. Mtaa wa Makande ni kumbukumbu ya enzi za reli na bandari kuwa na nyumba za wafanyakazi. Nakumbusha haya kwa sababu wewe unabeba mzigo Shimanzi, hatua chache kutoka gatini, na hakuna anayeona kwamba mahali unapolala ni sehemu ya gharama ya mzigo ule. Mwajiri anakulipa siku, halafu usiku ni juu yako.

Waliofuata walijaribu mambo mengine. Kulikuwa na miradi ya viwanja vyenye huduma, Chaani, Mikindani na Miritini, ambako mtu alipewa kiwanja chenye njia na maji akajenga taratibu kadiri alivyopata. Likoni, shamba la Waitiki la ekari 930 lilinunuliwa na serikali, na wakazi wakaanza kupewa hati mwaka 2016. Wenye kiwanja wanashukuru, nami nafurahi kwa ajili yao. Lakini mwanangu, hati inamfikia mwenye nyumba, si mpangaji wa chumba cha uani, na hati ikishapatikana kiwanja hupanda bei, nyumba ya makuti ikawa haistahiki tena kukaa juu yake. Mwenye nyumba wako huenda anabomoa leo kwa sababu hatimaye ardhi imekuwa yake.

Voi, katika mtaa wa Tanzania-Bondeni, walifanya tofauti mnamo miaka ya tisini. Ardhi iliandikishwa kwa pamoja kwa jina la wakazi wote, mtu akawa na nyumba yake na ruhusa ya kuiuza, ila ardhi haiuziki kwa mgeni mwenye pesa. Na sisi hapa tuna wakfu. Kuna viwanja na nyumba ambazo wazee wetu waliziweka wakfu kwa ajili ya misikiti na maskini, zikiwa chini ya Tume ya Wakfu. Sijui kwa nini katika mijadala ya makazi ya mji huu wakfu hautajwi kabisa, na ndiyo ardhi pekee ambayo kwa sheria ya dini haiwezi kuuzwa kwa mwenye kutoa bei ya juu. Chumba cha kodi ya wastani juu ya ardhi ya wakfu si jambo geni katika Uislamu.

MwenyePlotiMtopanga amejibu:

Nimesoma yote kwa makini na naomba wenye nyumba tusikilizwe kidogo. Nyumba ya vyumba sita kwa shilingi 3,500 huingiza 21,000 kwa mwezi, ikiwa wote sita wamelipa, na mtu yeyote aliyewahi kupangisha anajua kwamba wote sita hawalipi. Hapo utoe makuti, karo la choo linapojaa na kodi za kaunti. Juu ya kiwanja kilekile, gorofa nne zenye bedsita sita kila moja kwa shilingi 7,000 huingiza 168,000. Hata ukikatwa na benki kwa miaka mingi, hesabu haihitaji kalamu.

Wala sisi hatupendi sana biashara hii ya gorofa. Bila maji ya bomba ya uhakika unachimba kisima kinachotoa maji ya chumvi, halafu unanunua ya kunywa kwa boza, lile lori la maji. Mfereji wa maji taka haupo mitaa mingi ya bara, nje ya kisiwa. Gharama zote hizo zinaishia kwenye kodi ya mpangaji, na kama kaunti ingeleta maji na mfereji, bedsita ile ya 7,000 ingeshuka. Lakini kumwambia mtu binafsi ajenge chumba cha shilingi 3,500 leo, kwa bei hizi za saruji na chuma, ni kumwambia atoe sadaka. Kazi hiyo ni ya ardhi ya umma.

AfisaUstawi amejibu:

Nafanya kazi na watu wanaolala nje, kwa hiyo naomba niongeze upande ambao mjadala huu umeupita kwa mbali.

Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini kote. Nairobi walikuwa 15,337 na Mombasa 7,529, wa pili. Ukizilinganisha hesabu hizo na sensa ya watu ya 2019, iliyoipa Mombasa wakazi 1,208,333 na Nairobi karibu milioni 4.4, utaona kwamba hapa kwetu ni takriban watu 6 katika kila 1,000, ilhali Nairobi hawafiki 4. Mji mdogo umebeba sehemu kubwa zaidi, na sijasikia kiongozi wetu yeyote akilisema hilo jukwaani.

Tena waliohesabiwa ni wale wanaoonekana: watoto, kina mama wenye watoto wachanga, waraibu wa dawa za kulevya, wazee waliotupwa. Mchukuzi uliyemtaja, anayelala juu ya meza za Kongowea, hahesabiwi na mtu. Hahesabiwi bawabu ambaye kibanda cha lango ndicho chumba chake, wala dereva wa tuktuk anayejikunja kiti cha nyuma, wala mama anayefunga kibanda cha mahamri saa nne za usiku na kulala humohumo na bintiye. Watu hawa wana kazi. Wanachokosa ni pesa za kuingilia chumbani, ambazo ni nyingi kuliko kodi yenyewe. Mwenye kulipwa kwa siku anaweza kumudu shilingi 200 za kitanda cha gesti kila usiku, jumla 6,000 kwa mwezi, na bado asiweze kukusanya kwa pamoja 8,000 za kodi, dipoziti na wakala za kuingia katika chumba cha 3,500. Nimeona watu wakiishi gesti kwa miaka kwa bei ya bedsita.

Kisha kuna mteremko. Akiugua au kazi ikikatika, hata kitanda cha gesti hakiwezekani, anaanza kulala varandani za maduka ya Mwembe Tayari. Huko kitambulisho huibiwa, na bila kitambulisho hapati kibarua cha ghalani wala hawezi kusajili laini ya simu ya kupokelea malipo. Mfuko wa Kuzirekebisha Familia za Mitaani upo tangu 2003, na umesaidia watoto wengi kurudi shule, lakini mtu mzima mwenye kazi na asiye na chumba si mlengwa wake. Ukinipa pesa kidogo na kuniuliza nizitumie wapi, ningeziweka zote katika hazina ya kuwakopesha watu dipoziti, kabla mtu hajafika varandani. Kumwinua akiwa bado kazini ni rahisi mno kuliko baadaye.

Bwana Mshomoroni, naomba usikubali ushauri wa kulala kazini ukidhani ni kwa muda tu.

MchangiajiWaAda amejibu:

Kuhusu swali la pili, kwa kuwa mimi ni mwajiriwa na ninakatwa ada ya nyumba hizo kila mwezi, nimeifuatilia. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara wote, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Ilitungwa baada ya Mahakama Kuu, Novemba 2023, kuamua kwamba ada ya kwanza ilikiuka Katiba. Sheria hiyo imetenga aina ya nyumba za kijamii kwa wenye kipato kisichofika shilingi 20,000 kwa mwezi, na kwa karatasi wewe ni mlengwa wa aina hiyo. Unajisajili kwa kitambulisho katika tovuti ya Boma Yangu, unaweka akiba kidogokidogo kuelekea amana, kisha unangoja kugawiwa.

Hapo ndipo penye ugumu. Mpango huu kimsingi ni wa kununua, hata kama malipo ya kila mwezi yanafanana na kodi. Anayelipwa kwa siku anaweza kulipa miezi minane vizuri na kukwama miwili ambayo meli zimepungua. Mpango wa kupangisha tu, wa kodi ndogo isiyopanda ovyo, ndio tuliokuwa nao katika mitaa ya zamani ya kaunti, na ndio unaobomolewa. Mtaa mmoja wa namna hiyo, Buxton, ulibomolewa 2021 ili nyumba mpya za kuuza zijengwe, na wapangaji wake wa zamani walitengewa shilingi 240,000 kila nyumba za kuhamia kwingine. Kwa aliyekuwa na jina katika daftari la kaunti, si haba. Aliyekuwa amepangishiwa chumba na mwenye jina alikuwa kwa hisani ya mwenye jina.

Jisajili, kwa kuwa haikugharimu kitu, lakini usiipangie Ramadhani kwa matumaini hayo.

MpangajiMshomoroni amejibu:

Nawashukuru sana, hasa mzee wangu wa Majengo na dada au kaka wa ustawi. Usiku wa jana tumekaa wapangaji sote sita. Tumekubaliana tumwombe mwenye nyumba mambo mawili: notisi ya maandishi ya miezi miwili, na kwamba tusilipe kodi ya mwezi wa mwisho ili pesa hiyo iwe dipoziti ya kule tuendako. Tumewaza pia kumwomba vyumba viwili vya chini katika gorofa mpya vijengwe bila choo cha ndani, vipangishwe kwa bei ya chini kwa wale kati yetu watakaotaka kurudi. Je, ombi hili la mwisho ni la maana au tutachekwa?

MsaidiziWaSheria amejibu:

Kodi ya mwezi wa mwisho mwombeni kwanza, kwa sababu haimtoi pesa mfukoni na wenye nyumba wengi hukubali wakijua kwamba watapata nyumba tupu kwa tarehe waliyoipanga. Ombi la vyumba vya chini si la kuchekesha, ila ahadi ya mdomo itakufa siku mshirika wake mwenye pesa atakapoleta ramani. Liandikeni sasa, kabla ya kubomoa: vyumba vingapi, kodi kiasi gani, kwa muda gani, na majina ya wanaohusika. Atie sahihi yeye na huyo mshirika wake pia, mbele ya mzee wa mtaa na shahidi mmoja ambaye si mpangaji. Kila mmoja wenu abaki na nakala, na mpige picha za karatasi hiyo zikae katika simu zaidi ya moja.